Taa Ndani ya Ndoo

Mlinzi wa lango alisema ubao hauingii.

"Watu wawili, sawa. Barua ya wito, sawa. Ubao, hapana. Hii ni ofisi, si karakana."

Kifuniko alikuwa ameubeba begani tangu ufukweni, mwendo wa saa nzima, kwa sababu mwenye mkokoteni alipoambiwa ni ubao wa mashua ya marehemu alisema hapakii mikosi. Ulikuwa ubao wa ubavuni, urefu wa mtu mzima, umevunjika upande mmoja kama muwa, na katikati yake palikuwa na mkwaruzo wa rangi nyekundu, mpana kama kiganja. Mashua yao haikuwahi kupakwa rangi nyekundu. Haikuwahi kupakwa rangi yoyote, ukitaka ukweli. Ilipakwa mafuta ya samaki na matumaini.

"Afande, huu ndio ushahidi wetu."

"Ushahidi huletwa kwenye bahasha."

Mwanamke aliyefuatana naye alisogea mbele. Alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake, mjane wa wiki tatu ambaye hakukubali kuitwa mjane kwa kuwa mwili haujaonekana, wala hakubisha akiitwa hivyo, kwa kuwa hakuwa mjinga.

"Kaka yangu," alimwambia mlinzi, "basi tuuache hapa kwako. Ukiitwa, utauleta?"

"Nikiitwa na nani?"

"Na wenyewe, huko ndani."

Mlinzi aliuchukua, akauegemeza ukutani karibu na pipa la taka, upande wa kivuli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi.

Walikaa kwenye benchi la koridoni. Mlango wa mbele yao ulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, Baraza la Uchunguzi wa Ajali, na chini yake mtu alikuwa amebandika tangazo la kuuza friji. Shemeji alikuwa na jambo moja tu moyoni, na njia nzima alilirudia kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

"Sitaki kitu chao. Waandike tu kwamba alikuwa na taa."

"Wataandika."

"Mke wa mwenzenu aliyezama naye ananipita sokoni kama anapita nguzo. Anawaambia watu mume wangu amemuulia mume wake kwa ubahili wa mafuta ya taa. Mume wangu! Alikuwa akikosa mafuta ya taa haendi baharini, tunalala na njaa, ananiambia njaa haizamishi mtu."

"Wataandika, shemeji."

Kifuniko hakumtazama. Hakuwa amemtazama usoni tangu siku aliyookotwa majini, na shemeji alidhani ni majonzi.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya miaka sita tu, mashua za pale zilivua mchana, karibu na nchi kavu kiasi kwamba mke akipaza sauti ufukweni mume anajua chakula kimeiva. Kisha bandari ikapanuliwa. Maji ya karibu yakachimbwa, yakawekwa maboya, yakawa maegesho ya meli. Na samaki, kwa kuwa hawana mkataba na mtu, wakahamia ng'ambo ya njia ya meli. Sheria mpya ikasema chombo kisicho na injini hakiruhusiwi kuvuka njia hiyo, mchana wala usiku. Haikusema wenye vyombo hivyo wale nini. Basi wakaanza kuvuka usiku.

Upepo ukiwa mzuri, kuvuka kulichukua muda wa kuchemsha sufuria ya maharage. Upepo ukilala, mashua ilibaki katikati ya njia kama mbuzi barabarani, na meli zikapita kulia na kushoto, ndefu kama mitaa, taa zote juu kabisa na chini giza tupu.

Aliyeshika doria ya maji hayo alikuwa afisa mmoja mwenye mashavu laini na sauti ya upole. Kila alipowakamata aliwasomea sheria kifungu kwa kifungu, kisha akasema, "Basi, nimewasamehe." Msamaha wake ulikuwa na beseni. Kila alfajiri boti ya doria ilipita ufukweni, na samaki wakubwa wa kila mashua wakaingia humo, kwani mkono mtupu haulambwi. Watu wakamwita Msamehevu. Sharti lake lilikuwa moja tu, asione taa. Taa ikionekana majini, mnara wa bandarini utaiona, na mnara ukiiona yeye ndiye atakayeulizwa. "Giza naweza kulisamehe," aliwaambia. "Taa siwezi."

Ndipo ikazaliwa ile ndoo. Ni ndoo kubwa ya bati iliyokuwa ya rangi, imetobolewa matundu chini, ndani yake chemli inawaka, na juu kuna kifuniko. Ukiifunika kabisa, taa inakosa pumzi na kufa baada ya muda mfupi. Kwa hiyo lazima mtu akishike kifuniko kwa mkono usiku kucha, amekiinua upana wa kidole. Meli ikionekana unafunua, unainua chemli juu ya kichwa na kuipunga. Doria ikija na wakubwa ndani yake, unafunika. Msamehevu akiwa na wakubwa chomboni aliwaonya kwa tochi, anamulika mara mbili. Kazi ya kushika kifuniko haitaki nguvu, inataka subira, na inaunguza. Ndiyo iliyompa Kifuniko jina lake, pamoja na vidole vyeusi vilivyokakamaa kama ganda la ndizi lililokauka.

Jana yake mchana Fundi Tanga, mshona matanga wa ufukwe mzima, alimwita kibandani kwake. Alikuwa mtu mzima, na tangu Kifuniko amfahamu hakuwahi kumsikia akiongea bila sindano mdomoni.

"Mwanangu, sikuombi useme uongo," alisema. "Nakuomba useme upepo. Upepo ulizima taa, basi. Upepo hauna mke, hauna watoto, na hakuna wa kuupeleka mahakamani."

"Na Msamehevu?"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mashua kumi na tisa zinavuka leo. Ukimtaja huyu, ataondolewa, ataletwa mwingine. Na huyo mwingine anaweza kuwa mtu mwaminifu." Fundi Tanga alitoa sindano mdomoni ili hili lisikike vizuri. "Akija mwaminifu tutakula nini?"

Kifuniko alikubali. Upepo lilikuwa neno zuri. Shemeji angepata taa yake, ufukwe ungebaki na njia yake, na yeye angepata alichokitafuta wiki tatu nzima, mahali pa kujificha.

Waliitwa saa nne. Chumba kilikuwa kidogo kuliko jina lake. Kulikuwa na meza ndefu, ramani ya bahari ukutani, na feni iliyogeuza shingo kumpepea kila mtu isipokuwa waliokaa kwenye viti vya plastiki. Katikati ya meza alikaa mwenyekiti, mzee nadhifu mwenye miwani, kulia kwake wakili wa kampuni ya meli, na kushoto kwake, katika sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, Msamehevu. Alitambulishwa kama mtaalamu wa eneo.

Msamehevu alimwangalia Kifuniko na kumpa tabasamu la pole, kama jirani msibani.

Karani aliyekuwa kwenye kompyuta alimletea kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa."

"Najua kuandika jina langu."

"Fomu inataka dole."

Aliweka. Kilichotoka kilikuwa doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Karani akampa karatasi nyingine, likatoka doa lingine.

"Mheshimiwa, huyu hana alama za vidole."

"Andika tu kwamba yupo," mwenyekiti alisema. "Tuendelee."

Wakili alisimama na barua. Nahodha wa meli alisikitika kwamba hakuweza kufika, meli ilikuwa safarini, na kwa sasa ilikuwa bahari nyingine kabisa. Usiku unaotajwa hakuona chombo chochote mbele yake. Hakusikia kishindo. Kesho yake mabaharia walikagua ubavu wa meli wakakuta hauna hata mchubuko.

"Kwa lugha nyepesi, mheshimiwa," wakili alisema, "basi la abiria haliwezi kujua kwamba limekanyaga sisimizi. Nasema hivi bila dharau."

"Tuna ubao," Kifuniko alisema. "Uko nje. Una rangi ya meli yao."

"Rangi nyekundu inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi."

Mwenyekiti alishusha miwani. "Huo ubao uko wapi?"

"Mlinzi kaukataa langoni."

"Basi hauko mbele ya baraza hili." Akamgeukia Msamehevu. "Afisa, wewe unayajua maji haya. Tusaidie."

Msamehevu alisema kwa sauti yake ile ya upole kwamba katika miaka yake sita hakuwahi kuona chombo kisicho na injini kikivuka usiku. Angekiona angekikamata. Ila tabia za wenye mashua alizijua vizuri sana, na kwa masikitiko makubwa ilimbidi aseme kwamba hawabebi taa kabisa.

"Ndugu zetu hawa, ukimpa mmoja wao lita ya mafuta ya taa, ataiuza anunue sigara."

Karani alicheka, akajikohoza. Jinsi gani mtu anajua sana tabia za watu ambao hajawahi kuwaona, hakuna aliyemuuliza.

Shemeji alisimama. Kiti chake cha plastiki kilianguka nyuma yake.

"Alikuwa na taa!"

"Mama, kaa. Wewe hupo kwenye orodha ya wanaozungumza."

"Orodha iwepo isiwepo, mume wangu alikuwa na taa. Muulizeni huyu hapa. Huyu ndiye aliyeishika." Akamgeukia Kifuniko, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu macho yao yakakutana. "Shemeji, waambie."

Alikuwa na neno lake tayari. Alilibeba tangu jana, alilala nalo, alilivusha langoni bila mlinzi kulikataa. Lakini alipofungua mdomo kusema upepo aliona mashavu ya Msamehevu, yametulia, yamenyolewa vizuri, yakisubiri uongo wa kuyakinga. Mashavu yale yalikula samaki wa kaka yake kwa miaka sita. Kifuniko alihisi hasira mpya, ya moto, na ilikuwa tamu kwa sababu haikuwa juu ya nafsi yake.

"Taa ilikuwepo," alisema. "Ilikuwa ndani ya ndoo. Huyu ndiye aliyetuambia tuifiche."

Feni iligeuza shingo. Karani aliacha kuandika.

Akasema yote. Alisema habari za beseni na za alfajiri. Alisema jinsi siku ile, mashua inasukumwa majini, Msamehevu mwenyewe alivyowaita pembeni na kuwaambia, leo mkubwa wangu anapanda na mimi, nikimulika mara mbili sitaki kuona hata njiti ya kiberiti. Alisema jinsi walivyofika katikati ya njia na upepo ukalegea, mwenzao anachota maji yaliyoingia mashuani, kaka yake yuko kwenye usukani, yeye amepakata ndoo miguuni. Mawimbi yalikuwa makubwa ya taratibu. Mbele akaona taa nyeupe. Ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika.

"Kaka akaniuliza, 'Ni yeye?' Nikamwambia ni yeye. Akasema, 'Funika.' Nikafunika."

Sehemu hii hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Fundi Tanga.

"Haikuwa doria. Ilikuwa meli. Taa ilikuwa inapotea nyuma ya wimbi na kurudi, mimi nikahesabu mara mbili. Tuliposikia maji yanavuma mbele yake nilifunua. Chemli ilishakosa pumzi, umebaki utambi mwekundu tu. Niliupuliza. Nilikuwa bado naupuliza."

Shemeji alikuwa bado amesimama. Kisha akainama polepole, akakiokota kiti chake, akakisimamisha vizuri, akakaa.

"Tuweke mambo sawa," mwenyekiti alisema. Hakuwa amekasirika, alikuwa na sauti ya mtu anayepanga vyombo kabatini. "Taa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Nani aliyeifunika?"

"Nimesema, huyu afisa alituagiza..."

"Afisa alikuwa ndani ya mashua?"

"Hapana."

"Aliishika ndoo?"

"Hapana, lakini..."

"Swali ni la mkono. Mkono wa nani ulifunika taa?"

Kifuniko alitazama vidole vyake kana kwamba angeweza kuvikana. "Wangu."

"Na ni nani aliyemwambia marehemu kwamba ile ni boti ya doria?"

"Mimi."

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani. "Shahidi anakiri." Na karani, aliyekuwa ametulia wakati wote wa habari za beseni, akaanza kubonyeza kwa kasi.

"Na hayo mengine, mheshimiwa?" Kifuniko aliuliza. "Hayo ya samaki, na tochi, mbona hayaandikwi?"

"Una risiti?"

"Ya nini?"

"Ya hao samaki."

Wakili aliangalia saa yake. Mwenyekiti akamuuliza Msamehevu kama angependa kujibu tuhuma zilizotolewa dhidi yake na dhidi ya heshima ya idara. Msamehevu alikunjua mikono juu ya meza. Alionekana ameguswa kwelikweli.

"Mheshimiwa, huyu kijana amefiwa na kaka yake, tena kwa mkono wake mwenyewe. Akili haiwezi kubaki sawa. Mimi sina neno naye," alisema. "Nimemsamehe."

Wanasema msema kweli mpenzi wa Mungu. Pengine ni kweli, lakini Mungu hakuwa na kiti katika meza ile. Kabla ya adhuhuri uamuzi ulikuwa umeshachapwa. Meli haikuwa na kosa. Mashua ilivuka mahali palipokatazwa, ikiwa na taa iliyofichwa kwa makusudi na mmoja wa waliokuwemo. Huyo mmoja angeshikiliwa kwa kuhatarisha njia ya meli na kusababisha vifo vya watu wawili. Mwenyekiti aliuliza kama kuna ndugu wa marehemu wa kupokea nakala, na shemeji akainuka, akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa utotoni kupokea vitu kwa wakubwa. Alipita mbele ya Kifuniko akiwa ameishika karatasi kifuani, na Kifuniko akapelekwa mlango mwingine.

Mahabusu ya bandari ilikuwa stoo iliyopachikwa nondo. Bado ilinuka kamba za meli na lami. Kwa siku mbili hakuja mtu, na Kifuniko aliona ni haki yake. Fundi Tanga asingekuja. Kwake kijana huyu alikuwa amewatukana wakunga mbele ya kadamnasi. Usiku wa kwanza alilia, akauma mkono ili asisikike, na katikati ya kulia akajikuta anahesabu, moja, mbili, moja, mbili, mpaka kulipokucha.

Siku ya tatu, jua limeanza kushuka, askari aligonga nondo.

"Mgeni wako. Dakika kumi."

Alikuwa shemeji. Alibeba chombo cha chakula na ile karatasi imekunjwa mara nne. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Kifuniko alisimama, akashikilia nondo.

"Shemeji, mimi..."

"Kula kwanza."

"Siwezi."

"Kula. Nimeazima kiazi kwa watu, sitaki kirudi."

Akala. Kiazi kilikuwa cha baridi. Shemeji alikunjua karatasi akaisoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa.

"'Ilithibitika kwamba mashua ilikuwa na taa, na kwamba taa hiyo ilikuwa inawaka.' Umesikia? Wameandika. Nimempelekea mke wa mwenzenu, nikamsomea mlangoni kwake."

"Akasemaje?"

"Alisikiliza mpaka mwisho. Mstari unaofuata una habari zako. Akaniambia, 'Kumbe ni shemeji yako.' Kisha akanikaribisha ndani, tukalia wote." Akaikunja tena, mara moja, mara mbili. "Kwa hiyo sasa ananisalimia."

Kifuniko aliweka chombo chini. Alitaka shemeji amtukane, ampige, amtemee mate. Angejua la kufanya. Shemeji hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anatazama vidole vya Kifuniko vilivyoshika nondo.

"Kila siku nilikuwa naviona," alisema, "na kila siku nilidhani ni sigara."

Nje mtu alikuwa anaburuta mnyororo juu ya saruji.

"Msamehevu bado anakuja?" Kifuniko aliuliza.

"Anakuja. Jana alinipa pole. Alisema nikihitaji chochote nisione haya." Akaikunja karatasi mara ya tatu. "Beseni limebadilika. Sasa ni kubwa zaidi, maana anasema siku hizi hatari ya kuwaficha imeongezeka."

Kifuniko alicheka, sauti mbaya iliyomtoka bila kumwomba ruhusa, na askari akachungulia.

"Sikuja kwa ajili hiyo," shemeji alisema. Alisogea karibu na nondo, akashusha sauti. "Kengeza amenipa nafasi."

Kengeza alikuwa nahodha wa mashua ya pili kutoka kwao, mtu ambaye akikusalimia jirani yako ndiye anayeitikia. Kifuniko hakuelewa.

"Nafasi ya nini?"

"Mashua yake ni nzito. Anataka mtu mwepesi wa kushika ndoo."

"Shemeji. Wanawake hawapandi mashua."

"Hawakuwa wakipanda. Watoto watatu hawali desturi."

"Mwambie Fundi Tanga akupe kazi ya kushona."

"Mimi ni shemeji yako. Fundi Tanga siku hizi hata mlango wetu anaupita kwa mbali." Alinyosha mkono wa kulia, akaupitisha kati ya nondo ili auone. Ncha za vidole vitatu zilikuwa na malengelenge, moja limepasuka na kuchuruzika. "Nimejifunza kwa kifuniko cha sufuria. Usiku wa kwanza nilikiangusha mara nne. Jana sikukiangusha hata mara moja. Kengeza amesema nafaa."

Kifuniko aliushika ule mkono. Ulikuwa wa moto, kama wenye homa. Alitaka kusema usiende, akatafuta cha kuweka mahali pa kwenda, na mifuko yake, na chumba kile, na ufukwe mzima havikuwa na kitu.

"Mnaondoka lini?"

"Leo. Giza likiingia." Akautoa mkono wake taratibu. "Ndiyo maana nimekuja. Kengeza haoni mbali, anasema yeye atanitegemea mimi, nikifunika atajua ni doria, nikifunua atajua ni meli. Niliyasikia yote uliyosema kule chumbani, neno kwa neno. Sikuja kukulaumu. Nimekuja kuuliza, kwa kuwa wewe umeifanya kazi hii miaka sita, mimi ni mgeni." Alimtazama usoni, kwa umakini wa mtu aliyekuja shule akiwa amechelewa. "Usiku, kwenye mawimbi, ukiona taa mbele, unajuaje kwamba hii ni doria na hii ni meli?"

"Ya doria iko chini," Kifuniko alisema. "Karibu na maji. Inamulika mara mbili."

"Na ya meli?"

"Iko juu. Haimuliki. Inakaa."

"Na kama kuna wimbi?"

Kifuniko alijaribu kuiona tena ile taa, nyeupe, ikiwaka, ikizimika, na usoni pa kaka yake likiwepo swali lilelile. Wiki tatu alikuwa ameiangalia kila alipofumba macho, na kila mara ilikuwa doria. Hata sasa, akijua, ilikuwa doria.

"Dakika zimekwisha," askari alisema kutoka mlangoni.

"Shemeji, niambie upesi."

"Utajua tu," Kifuniko alisema. "Ukiiona, utajua."

Shemeji alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, akishika vizuri alichopewa. Akachukua chombo chake kitupu, akaiweka karatasi ndani yake, akafunika. Kule mlangoni Kifuniko alimsikia akimuuliza askari kama kuna njia ya mkato kwenda ufukweni, maana jua limeshashuka na anaogopa wasije wakamwacha.